Amri Iliyofuta Bila Kuuliza

Ujumbe uliingia saa mbili asubuhi, Nyundo akiwa bado anapuliza chai yake, na kabla hajafika mstari wa tatu kikombe kilikuwa kimeshatua mezani kwa kishindo.

"Programu yenu imefuta watoto mia mbili na kumi na wawili," ujumbe ulisema. "Haikuuliza. Naomba mnieleze kwa nini."

Nyundo hakuwa mtu wa kudaiwa maelezo asubuhi. Jina hilo alilipata hospitalini, alikofanya kazi miaka kumi na sita katika chumba cha majalada ya wagonjwa, kwa jinsi alivyokuwa akigonga mhuri: meza ilitetemeka, kalamu zikabiringika, na mgonjwa aliyekuwa akisinzia kwenye benchi la nje akazinduka akidhani ameitwa. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Hata mumewe, fundi wa friji aliyejaza uani mabati ya watu wasiorudi kuyachukua, alimwita Nyundo, ila kwa sauti ya chini kidogo.

Hospitali ile ilipoletewa kompyuta, zilikuja pamoja na ugonjwa wake. Mtandao ulikatika mara tatu kwa siku, na kila ulipokatika ulimeza chochote ambacho karani alikuwa anaandika. Wenzake walilaani, wakarudia. Nyundo alilaani, kisha akanunua kitabu kikuukuu cha kuandika programu, kisicho na jalada, akawa anakisoma saa za chakula huku ametandika mkono mmoja juu ya sahani. Miaka miwili baadaye alikuwa ameandika kitu chake: fomu unazoweza kuzijaza pasipo mtandao, zikajituma zenyewe mtandao ukirudi. Hospitali nyingine zikakiomba. Yeye akakiweka hadharani, huria, bure: mtu yeyote akichukue, afungue aone ndani, arekebishe, atumie. Akakiita Sajili.

Sajili haikuwa nyumba iliyokwisha. Ilikuwa kiunzi, yaani nguzo na mapaa, na kila aliyetaka alijengea juu yake nyumba yake mwenyewe. Mjenzi hakuhitaji kujua yaliyomo ndani ya nguzo. Alihitaji kujua amri za kuiambia Sajili fanya hiki, fanya kile. Amri hizo kwa pamoja wenye kazi huziita API; Nyundo aliziita mlango. Mlango wa Sajili ulikuwa na amri arobaini na moja, na yeye alijivunia kila moja kama mzazi anayesifia meno ya mwanawe.

Kwa hiyo mtu kuja asubuhi asubuhi kusema mlango wake umekula watoto wa watu, tena mbele ya macho ya dunia nzima, kwenye ukurasa wa malalamiko usiofichwa, kulimpandisha damu hadi masikioni. Alijua kosa liko wapi kabla hajamaliza kusoma. Akaandika:

"Soma maelezo, ukurasa wa kumi na nne. Kila kitu kipo. Asiyejua kusoma asiguse kompyuta ya zahanati."

Akabonyeza kutuma kwa kidole cha mhuri.

Mumewe alichungulia mlangoni, bisibisi mkononi. "Leo nani kafa?"

"Mjinga mmoja."

"Mteja?"

"Hana hata heshima ya kuwa mteja."

Mume alitazama kibodi, akatazama uso wa mkewe, akarudi kwa friji zake. Alikuwa ameishi naye miaka ishirini na mbili. Alijua wakati wa kuzungumza na wakati wa kwenda kufungua skrubu.

Adhuhuri simu ililia. Alikuwa dada yake, muuguzi katika zahanati ya mama na mtoto upande wa pili wa mji.

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo yako iweke hapo kwanza. Ni wewe uliyeandika yale maneno?"

"Maneno gani?"

"Asiyejua kusoma asiguse kompyuta. Ni wewe?"

Nyundo hakuwa ametazama ujumbe ule ulitoka zahanati gani.

"Yule ni Mwalimu," dada yake alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama mfuniko wa sufuria inayochemka. "Mwalimu! Ana miaka sitini na minane. Nusu ya wauguzi wa hapa yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Kastaafu, akasema atatusaidia kutengeneza daftari la chanjo kwenye kompyuta, hadai chochote. Na unajua nani alimwambia atumie hicho kitu chako? Mimi. Nilijipiga kifua hapa. Mdogo wangu ndiye aliyekitengeneza, nikasema. Sasa benchi limejaa, akina mama na watoto mgongoni, tunawaomba kadi za chanjo tuandike upya kila kitu, na wengine kadi zimelowa, wengine zimepotea. Na Mwalimu ananionyesha simu yake kimya kimya, nisome mdogo wangu alivyomjibu."

"Dada, alikosea mpangilio. Imeandikwa pale..."

Simu ilikatwa.

Mtu mwingine hapo angeona haya. Nyundo haya hazikuja, au zilikuja zikakuta hasira imekalia kiti chote. Kwa maana alikuwa na haki! Ukurasa wa kumi na nne ulikuwepo. Aliuandika mwenyewe, kwa lugha safi, na mfano chini yake. Je, akimbie kila zahanati kuwasomea watu? Akatia kompyuta begini, akavaa viatu bila kufunga kamba sawasawa, akatoka. Njiani alikuwa anaipanga hotuba. Itakuwa na adabu, kwa sababu ya umri wa mtu, lakini itakuwa na kurasa.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza. Kibarazani palikuwa na wanawake wasiopungua thelathini kwenye mabenchi mawili, na vitoto vinavyolia kwa kupokezana. Dada yake alikuwa mezani, daftari kubwa limefunguliwa mbele yake, ananakili tarehe kutoka kwenye kadi iliyokunjamana. Aliinua macho, akamwona Nyundo, akayarudisha kwenye kadi.

"Chumba cha mwisho," alisema. Hakuongeza neno.

Mwalimu alikuwa mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi hadi mikono inakata. Nyundo alimwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti ileile ambayo angemwitikia mtu yeyote, na hilo lilimkera Nyundo kuliko kama angefokewa.

"Wewe ndiye mwenye Sajili," Mwalimu alisema. "Umefanya vizuri kuja. Kaa hapa, binti yangu. Nimeweka orodha ya majaribio, majina ya uongo. Nitarudia nilichofanya siku ile, hatua kwa hatua, na nitasema kila ninachofikiri. Wewe usiseme kitu mpaka nimalize."

"Mwalimu, mimi ninaweza kukuonyesha moja kwa..."

"Mpaka nimalize."

Akakaa. Alikuwa hajakaa kimya mbele ya kompyuta ya mtu mwingine tangu atoke hospitalini, na muda si muda alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, maana ilikuwa inataka kuinuka yenyewe.

Mwalimu alianza na amri ya *tuma*, inayopeleka orodha makao makuu ya wilaya. "Hii inataka mambo matatu," alisema akiandika taratibu. "Kwanza orodha. Pili, iniulize kabla ya kufanya kazi? Naandika NDIYO. Tatu, isafishe orodha ya zamani? Naandika HAPANA, sitaki kupoteza kitu." Akabonyeza. Sajili iliuliza, akakubali, orodha ikaenda salama.

"Nzuri," Mwalimu alisema, kama anayempa mwanafunzi alama. "Sasa *hifadhi*, ya kuweka majina mapya ya leo. Nayo inataka mambo matatu. Orodha. Kuuliza, NDIYO. Kusafisha, HAPANA."

Nyundo aliona kosa likija kama mtu anavyoona glasi ikielekea ukingoni mwa meza. Alifungua mdomo. Akaufunga. Mwalimu akabonyeza, na skrini ikawa tupu. Hapakuwa na swali wala onyo, wala sauti.

"Umegeuza!" Nyundo alilipuka, ameshasimama. "Kwenye *hifadhi* kusafisha kunatangulia! Kuuliza ni kwa mwisho! Umeiambia isafishe na isiulize!"

"Kumbe," Mwalimu alisema. "Na kwenye *tuma* kuuliza kunatangulia."

"Ndiyo!"

"Kwa nini?"

Kulikuwa na mtoto analia kibarazani. Mtu alikuwa anaburuta benchi. Nyundo alitafuta jibu mahali alipozoea kuyapata majibu yake, akakuta pakavu. Amri ya *hifadhi* aliiandika Jumatatu moja hospitalini, haraka, kabla mkuu hajarudi. *Tuma* aliiandika miaka mitatu baadaye, mama mkwe amelazwa, akiwa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa kitanda. Hakuna siku aliyoziweka pamoja akazitazama. Kwa nini? Kwa sababu alisahau. Hapakuwa na sababu nyingine chini ya jua.

Mwalimu alivuta droo, akatoa bunda la karatasi lililotobolewa na kufungwa kwa uzi. Yalikuwa maelezo ya Sajili, kurasa sitini na moja, amezichapisha zote. Pembezoni palikuwa pamejaa wino mwekundu.

"Ukurasa wa kumi na nne niliusoma," alisema. "Nimeupigia mstari, unaona? Na wa thelathini na moja nao, wa *tuma*. Niliusoma wa kwanza mwezi wa pili, na huu wa pili juzi. Mtu akishika mwendo wa amri moja, anatarajia dada yake itembee vilevile. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na saba. Mwanafunzi mmoja akikosea, nilimtazama mwanafunzi. Darasa zima likikosea swali lilelile, nilijitazama mimi na ubao wangu."

Kando ya ukurasa wa thelathini na moja palikuwa na neno moja jekundu, kwa mwandiko mzuri wa kishule: *Rudia.*

Nyundo alihisi uso unawaka. Alikuja na hasira ya kumpiga nayo mtu, na sasa ilikuwa imemgeukia yeye, nayo haikupungua hata chembe. "Mwalimu," alianza, "yale niliyoandika asubuhi..."

"Hayo tutayazungumza. Kwanza watoto. Nakala yetu ya akiba ni ya miezi miwili iliyopita. Ndani ya Sajili hakuna mahali orodha iliyosafishwa inapowekwa?"

"Hakuna."

"Basi tuna kadi tu," Mwalimu alisema, akaondoka kwenda kumsaidia dada yake Nyundo kunakili.

Jioni ile, jua bado lipo, Nyundo alimpigia Mhandisi. Huyu alikuwa mwenzake wa kuitunza Sajili, miaka minane sasa. Aliishi nchi ya mbali, walikuwa wameonana ana kwa ana mara moja tu, na alikuwa mtu wa kusema polepole kama anayevuka sakafu iliyolowa.

"Tunageuza *hifadhi* leo," Nyundo alisema. "Kuuliza kutangulie, kama *tuma*. Nimeshaandika."

"Hatugeuzi, Bi Nyundo."

"Unasemaje?"

"Kuna programu zaidi ya elfu tatu zinazoita *hifadhi* kwa mpangilio wa sasa. Wenyewe walipatia. Wameandika HAPANA isisafishe, na NDIYO iulize. Ukigeuza leo, kesho asubuhi HAPANA yao itakuwa usiulize, na NDIYO yao itakuwa safisha. Utawafutia wote elfu tatu. Bila kuuliza."

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimchoma Nyundo kuliko uongo wowote. "Kwa hiyo tuache shimo lilivyo kwa kuwa watu wamezoea kuliruka?"

"Tuweke onyo kubwa zaidi kwenye maelezo."

"Maelezo! Mzee wa watu kachapisha kurasa sitini na moja, kazipigia mistari, na bado kaanguka! Unataka tuweke nini, tarumbeta?"

"Usinifokee mimi." Kwa mara ya kwanza sauti ya Mhandisi ilipanda. "Mimi nilitaka hili lizungumzwe tangu mwaka juzi. Tafuta malalamiko ya zamani. Tafuta neno *hifadhi*. Kisha angalia ni nani aliyeyafunga."

Akatafuta, simu ikiwa bado sikioni. Yalikuwa saba, katika miaka sita. Watu saba, kutoka pande tofauti, wasiojuana: mmoja wa ghala la dawa, mmoja wa maktaba ya shule, mmoja wa shamba la kuku. Wote walikuwa wamegeuza mpangilio uleule. Na chini ya kila mmoja palikuwa na jibu lake mwenyewe, fupi kama mhuri. *Soma maelezo. Ukurasa wa 14. Soma.* Wa maktaba alikuwa amejibu: "Asante, nimesoma sasa, lakini vitabu vimeshaondoka." Chini yake Nyundo hakuwa ameandika chochote. Alifunga lalamiko tu, yaani aliliwekea alama kwamba limekwisha.

"Bado upo?" Mhandisi aliuliza.

"Nipo. Nyani haoni kundule."

"Sikusema hivyo."

"Nimesema mimi."

Alitoka uani na, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpiga, alipiga teke mlango wa friji uliokuwa umeegemezwa ukutani. Maumivu yalipanda kutoka kidole gumba hadi kwenye jicho.

"Huo wa mteja," mumewe alisema bila kuinua kichwa.

"Nisamehe."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Neno hilo halikuwa la kila siku. Akavuta kreti, akampa akae, na Nyundo akamweleza yote huku amekishika kidole. Mumewe alisikiliza, akifuta mikono kwa kitambaa.

"Mimi siwezi mambo yenu," alisema mwishoni. "Ila watu saba wakikuambia friji inawapiga shoti mahali pamoja, huwaambii wajifunze kuishika."

"Najua! Ndicho kinachoniua, kwamba najua!"

Asubuhi iliyofuata alirudi zahanati na daftari tupu la mistari. Alinakili kadi pamoja na dada yake hadi saa sita, mabega yakigusana, bila mmoja kumsemesha mwenzake zaidi ya "kadi nyingine." Kisha akaingia chumba cha mwisho.

"Mwalimu, usiniambie jinsi ya kutengeneza," alisema. "Niandikie hapa, kwa kalamu, amri ambayo wewe ungetaka kuiandika. Kama vile Sajili haijawahi kuwepo."

Mwalimu alifikiri, akaandika: *ongeza orodha hii kwenye daftari.* Basi. Hakuna NDIYO, hakuna HAPANA.

"Na kusafisha?"

"Kusafisha nini? Neno lenyewe ndilo lililonidanganya tangu mwanzo. Nani anaogopa kusafisha? Mtu husafisha meza, husafisha mikono. Kama linafuta, binti yangu, liite kufuta. Mtu asome aogope."

Kwa wiki tano walifanya kazi hivyo, na wiki tano hizo Nyundo hakupoa hata siku moja, ila sasa hasira ilikuwa na kazi ya kufanya. Kila alichobuni kilikwenda kwanza kwenye daftari, kikajaribiwa na mtu, ndipo kikaingia kwenye mashine. Alimkalisha mfamasia wa zahanati, aliyejua kuandika programu kidogo tu. Aliomba wageni watatu wa mtandaoni wafanye kazi huku yeye anatazama skrini zao. Sharti lilikuwa lilelile la Mwalimu: asiseme kitu. Alitafuna kalamu mbili. Mfamasia aliposimama dakika nzima mbele ya amri moja, akikuna shingo, Nyundo alitaka kupasuka, moyoni anapiga kelele, *ipo hapo, mwanangu, mbele ya pua yako!* Kisha akaandika daftarini: *haipo mbele ya pua yake.* Akabadilisha jina.

Amri moja ya *hifadhi* ikawa mbili. Ya kuongeza ilikuwa fupi, na haikuweza kupoteza kitu hata ukiishika kichwa chini. Ya kufuta Nyundo aliipa jina *futaOrodhaYoteUwekeMpya*, na ilikuwa lazima uitajie kwa maandishi orodha unayoifuta. Nayo kabla ya kufuta iliweka nakala kando kwa siku tisini. Zile NDIYO na HAPANA zilizokaa uchi, zisizosema ni ndiyo ya nini, alizisaka katika amri zote arobaini na moja. Alizikuta kumi na tisa, na kila moja aliitukana kwa jina alipokuwa akiing'oa.

Mhandisi alipinga jina. "Limekuwa refu kama treni."

"Ndiyo. Nataka mtu apumue katikati, na akipumua afikiri."

"Na za zamani?"

"Hatuzigusi. Zifanye kazi vilevile zilivyo, usibadilishe hata nukta. Ila kila mtu akiita *hifadhi*, Sajili imwambie kwenye skrini yake: amri hii ni ya hatari, andika hivi badala yake. Tena imwandikie mstari kamili, anakili tu. Baada ya mwaka na nusu tuiondoe."

"Hilo nalikubali," Mhandisi alisema. "Ulipoanza kufoka siku ile ya kwanza sikudhani tungefika hapa."

"Mimi bado nafoka."

"Nasikia."

Toleo jipya lilitoka siku ya Jumanne, na matusi yakafika kabla ya chakula cha mchana. Mmoja aliuliza ni mwehu gani anayeharibu kitu kisichoharibika. Kampuni moja kubwa, iliyojenga mifumo yake yote juu ya Sajili bila kuwahi kuandika hata neno la asante, ilituma barua yenye mhuri ikidai maonyo yale yaondolewe kwa kuwa yanawatia wateja wao hofu. "Hofu ndiyo kazi yake," Nyundo aliwajibu, kisha akaongeza aya mbili za kueleza namna ya kuhama, kwa adabu, meno yakiwa yameumana. Wachache walishukuru. Wengi walinakili mstari wakaendelea na maisha yao, na Mhandisi alisema hao ndio wa kuhesabu.

Chini ya ujumbe wa kwanza wa Mwalimu, Nyundo aliandika kuomba radhi, hadharani, mahali palepale alipomtukana. Maneno yake ya zamani hakuyafuta. Aliyaacha juu, watu wayaone. Kisha akawaandikia wale saba, mmoja mmoja. Watatu walijibu. Wa shamba la kuku alitania kwamba kuku wenyewe walishaliwa zamani. Wa maktaba aliandika mstari mmoja: "Niliachishwa kazi kwa ajili ya siku ile, nikaamini ni uzembe wangu." Nyundo aliusoma mstari huo akaifunga kompyuta, akakaa. Mumewe alipita, akamwona, akamletea maji ya kunywa pasipo kuuliza.

Katika watoto mia mbili na kumi na wawili, kadi za mia moja na tisini na saba zilipatikana. Kumi na watano hawakupatikana popote, si kwenye kadi wala kwenye kumbukumbu za wauguzi, na daktari aliamua wahesabiwe kama ambao hawajachanjwa, waanze upya. Waliitwa siku ya Alhamisi. Dada yake alimpigia Nyundo jana yake.

"Kesho tuna upungufu wa mikono," alisema. "Utakuja?"

"Nitakuja, dada."

"Uje umekula. Hapa hakuna mtu wa kukubembeleza." Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia kwa miezi miwili.

Nyundo alikaa mezani akiandika, jina, tarehe, sindano, kwa kalamu kwenye daftari kubwa, halafu tena kwenye kompyuta ya Mwalimu. Mama wa sita kwenye foleni alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na mtoto wake, wa miezi minane hivi, alikuwa ameshaanza kushuku chumba.

"Mwanangu alichomwa mwezi ule," mama yule alisema. "Nilikesha naye na homa. Leo mnataka kumchoma tena. Nani aliyefuta?"

Dada yake Nyundo alinyanyua macho kutoka kwenye bakuli la pamba. Mwalimu aligeuka kidogo kwenye kiti. Ingetosha kabisa kusema ni kompyuta.

"Mimi," Nyundo alisema.

Mama alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kalamu. Alivuta pumzi ya mtu anayejiandaa kusema mengi, halafu akaona sindano imeshatayarishwa na foleni nyuma yake ni ndefu. Akamfungua mtoto mgongoni, akazunguka meza, akambwaga mapajani kwa Nyundo.

"Basi mshike wewe," alisema. "Akilia, alie na wewe."

Nyundo alimshika. Alikuwa mzito, amelowa kidogo, na alipochomwa alinyamaza kwanza, akamkazia macho, uso ukiiva taratibu kwa ghadhabu. Kisha akapiga ukelele uliosikika hadi kibarazani, akakamata shati la Nyundo kwa ngumi zote mbili, akalivuta hadi kifungo kikang'oka.